Maswali ya Wasomaji: Chenga Hulipa Lini?

Barua nyingi safari hii zinahusu chenga kwenye michezo ya uhusika ya mezani: mhusika anajifanya kupiga huku ili apige kule. Tumechagua nne.

SWALI: Tunacheza Dungeons & Dragons toleo la 3.5. Mpiganaji wetu ana ustadi mkubwa wa Ulaghai na hupiga chenga karibu kila raundi, lakini wenzake wanaopiga moja kwa moja wanaumiza zaidi. Tunakosea wapi?

JIBU: Kanuni mnaifuata sawasawa, hesabu ndiyo inayowaangusha. Katika toleo hilo la mwaka 2003, chenga ya kawaida hula tendo kuu la zamu, lile lile ambalo angelitumia kupiga. Anarusha dadu ya pande 20 na kuongeza Ulaghai. Adui anarusha yake, anaongeza ustadi wa Kusoma Nia na, juu yake, nyongeza yake ya msingi ya shambulio. Hii ya mwisho husahauliwa sana, na ndiyo sababu askari mkongwe asiyejua lolote kuhusu kusoma nia za watu bado haghilibiki kirahisi.

Akishinda, adui hapati nyongeza ya wepesi kwenye kinga yake (namba ambayo mpigaji lazima aifikie ili ampate) dhidi ya pigo moja tu la ana kwa ana, tena lisilozidi zamu inayofuata. Sasa tazameni mpiganaji wenu kapata nini kwa pigo zima alilolitoa. Kama adui ana wepesi wa 10, hakuna nyongeza ya kumnyang'anya, kwa hiyo kapata sifuri. Kama ana wepesi wa 16, kinga inashuka kwa 3, yaani uwezekano wa kupiga unapanda kwa asilimia 15. Hilo haliwezi kufidia pigo lililoachwa, isipokuwa labda dhidi ya adui ambaye bila chenga mnahitaji 19 au 20 kwenye dadu ili kumpata.

Chenga katika toleo hili ni ya mjanja, yule mwenye pigo la hila. Mjanja wa ngazi ya 5 huongeza dadu 3 za pande 6, wastani wa madhara 10.5, kila anapompiga adui aliyepoteza wepesi. Akichukua kipaji cha Chenga Bora (kinataka akili ya 13 na kipaji cha Umahiri wa Mapigano), chenga inashuka kuwa tendo la mwendo, hivyo anaghilibu na kupiga katika zamu ile ile. Lakini nyongeza yake ya msingi ikifika +6 anakuwa na haki ya mapigo mawili kwa zamu, na chenga itamnyima la pili. Na kama mwenzake amesimama upande wa pili wa adui, aachane na chenga kabisa: wakimbana katikati, pigo la hila linapatikana bila kurusha dadu yoyote ya ziada.

SWALI: Na sisi tunaocheza Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hiyo, toleo la pili? Mjanja wangu ana matendo matatu kwa zamu. Chenga ichukue nafasi ya pigo la ngapi?

JIBU: La tatu. Tuchukue mjanja mwenye +9 ya shambulio na upanga mfupi wenye wastani wa madhara 7.5, dhidi ya kinga ya 19. Pigo la hila linampa 3.5 zaidi, na pigo kali (la dadu ya 20, au linalopita kinga kwa 10 au zaidi) huzidisha yote mara mbili. Upanga mfupi ni silaha nyepesi, hivyo pigo la pili linakatwa 4 na la tatu 8.

Pigo la tatu hupata kuanzia 18 kwenye dadu. Ukijumlisha pigo kali la 20, thamani yake ni wastani wa madhara 1.5. Sasa badala yake anza na chenga. Kwa Ulaghai wa +9 dhidi ya Utambuzi wa 18, inafaulu asilimia 60. Ikifaulu, adui anakosa tahadhari na kinga yake inashuka kwa 2, na pigo la kwanza linaruka kutoka wastani wa 4.5 hadi 8.8. Faida ya 4.3 mara asilimia 60 ni karibu 2.6. Chenga imeshinda.

Ila ukiwa umetumia tendo moja kusogea, chenga itakula pigo la pili, ambalo thamani yake ni 3.0. Hapo piga mara mbili. Asiye na pigo la hila akitumia takwimu hizo hizo atapata faida ya 0.9 tu, na pigo la tatu la upanga mfupi litamlipa zaidi.

Mpangilio nao una maana. Chenga ikifaulu kwa kawaida, inahesabika kwa pigo lako linalofuata kabla zamu hii haijaisha. Kuipiga kama tendo la mwisho ni kuitupa, isipokuwa ikifaulu kwa kishindo, ambapo hudumu hadi mwisho wa zamu yako ijayo. Mjanja aliyechagua njia ya ulaghai ana nafuu: kwake hata mafanikio ya kawaida hudumu hivyo. Sharti uwe na mafunzo ya Ulaghai na adui awe ndani ya urefu wa silaha yako. Ukishindwa vibaya, wewe ndiye unayekosa tahadhari mbele yake. Na kama adui tayari amebanwa katikati, usipoteze tendo, maana ile 2 haihesabiwi mara mbili.

SWALI: Mifupa inayotembea inaweza kupigwa chenga? Na mbwa mwitu?

JIBU: Mifupa haiwezekani. Katika 3.5 kiumbe kisicho na akili hakighilibiki, na katika Pathfinder ya pili chenga ni athari ya kiakili, ambayo haiwashiki viumbe wasio na fikra. Mbwa mwitu katika 3.5 anawezekana, lakini unakatwa 8 kwa sababu akili yake ni ya mnyama. Katika Pathfinder ya pili hakuna makato hayo.

SWALI: Toleo la tano la Dungeons & Dragons halina tendo la chenga kwa kila mtu. Tulilibuni wenyewe: unatumia tendo lako, ukishinda unapata faida ya dadu mbili kwenye pigo la zamu ijayo. Hakuna anayelitumia.

JIBU: Hawana sababu ya kulitumia. Faida hapo ni kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Mtu akipiga zamu hii na zamu ijayo naye anarusha dadu mbili, ila zote mbili zinaweza kumpatia madhara. Uwezekano wa kupata angalau pigo moja ni ule ule, na yeye hahatarishi chochote kwenye shindano la Ulaghai. Wenye mapigo mawili kwa tendo moja ndio wanaopoteza zaidi.

Tazameni jinsi kanuni za mwaka 2014 zilivyoipanga kwa mpiganaji bingwa wa mbinu. Chenga yake hutumia tendo la ziada (tendo dogo linaloongezwa juu ya tendo la zamu) pamoja na dadu moja ya mbinu, yaani moja ya dadu chache za akiba alizo nazo, kwa adui aliye ndani ya futi 5. Haina shindano. Anapata faida kwenye pigo linalofuata katika zamu hiyo hiyo, na likipata, dadu hiyo inaongezwa kwenye madhara. Likikosa, dadu imepotea hadi apumzike.

Yenu ishusheni iwe tendo la ziada na mbakize shindano la Ulaghai. Kisha mwangalieni mjanja kwa jicho kali: tendo lake la ziada lina kazi nyingi, na pigo la hila analipata tayari kama mwenzake yuko ndani ya futi 5 za adui. Atakayenufaika hasa ni mjanja anayepigana peke yake. Mwendesha mchezo akiona anamaliza maadui kabla wengine hawajafika, aruhusu chenga moja tu kwa kila adui katika pambano.