Sayari Saba za TRAPPIST-1: Nani Alizipiga Picha?

SWALI: Bwana Mhariri, mdogo wangu alinionyesha kwenye simu picha ya sayari saba zinazoizunguka nyota iitwayo TRAPPIST-1, moja ikiwa na bahari na mawingu. Mwalimu wake wa fizikia anasema hakuna aliyewahi kuzipiga picha. Tumwamini nani? Tena, jina hilo linahusiana na watawa wetu wa Mokoto?
Msomaji wa Himbi, Goma

JIBU: Ndugu msomaji, mwamini mwalimu. Picha hiyo ilichorwa na wasanii waliopewa vipimo na wanasayansi. Nyota yenyewe iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 40, katika kundinyota la Dalu, nayo ni hafifu kiasi kwamba haionekani bila darubini.

Sayari zilijulikanaje basi? Simama usiku kando ya Ziwa Kivu, uitazame taa ya wavuvi wa sambaza walio mbali: mdudu akipita mbele ya taa hiyo humwoni, lakini ungekuwa na kipimo makini ungegundua kwamba mwanga umefifia kidogo, na kwamba hufifia tena kila anaporudi. Ndivyo Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na wenzake walivyozitambua sayari tatu kwa darubini ndogo iliyoko La Silla, Chile, wakazitangaza mwaka 2016. Na Februari 2017, baada ya darubini ya angani ya Spitzer kuikodolea macho nyota hiyo kwa siku 20 hivi, zikatangazwa saba. Mwanga unaozibwa haufiki asilimia 1, lakini ndio unaotoa ukubwa wa sayari, na muda kati ya pito moja na jingine ndio mwaka wake: siku moja na nusu kwa sayari ya ndani kabisa, siku 19 hivi kwa ya nje. Zote zingeenea ndani ya njia ya Utaridi, kwa kuwa nyota yao ni kibete chekundu, yaani nyota ndogo isiyo na joto kali, kinachoizidi sayari ya Mshtarii kidogo tu kwa upana.

Bahari ni ya mchoraji, wala simlaumu, maana sayari tatu kati ya hizo ziko mahali ambapo joto lingeweza kuruhusu maji. Ile ya ndani kabisa haimo: mwaka 2023 darubini ya James Webb iliipima upande wa mchana ikakuta nyuzi 230 hivi, bila dalili ya hewa ya maana.

Kuhusu jina, TRAPPIST ni kifupi cha jina la darubini ya Chile, nalo lilichaguliwa makusudi ili likumbushe Watrapisti, watawa wa Kikatoliki wa Ubelgiji, na bia yao. Watawa wa Mokoto, kule Masisi, ni wa shirika hilohilo, kwa hiyo undugu upo, ingawa ni wa jina tu.