Jiwe la rangi za upinde wa mvua, ni kito kweli?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kuna jamaa huku Arusha ananiuzia jiwe lina ngazi ngazi za mraba, linang'aa pinki, bluu na dhahabu, anasema ni kito kama tanzanaiti. Ni kweli? Na halina sumu? Msomaji, Ngarenaro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa unavyoeleza hiyo ni bismuthi, ni metali kabisa, elementi namba 83, na hizo ngazi watu wanazitengeneza wenyewe, maana inayeyuka kwenye nyuzi 271 tu, hata jiko la gesi linaiweza, wanaiacha ipoe polepole halafu wanamwaga ile ambayo haijaganda, zinabaki fuwele. Rangi zote hizo ni utando mwembamba wa oksidi unaojijenga metali ya moto ikikutana na hewa. Kwangua kidogo chini kwa kisu, utakuta rangi ya fedha yenye wekundu kwa mbali. Tanzanaiti ya Mererani kisu hakiikwaruzi kirahisi hivyo, na bismuthi ni nzito mno, karibu mara 10 ya maji.

Sumu usihofu sana. Ni jirani wa risasi kwenye jedwali la elementi lakini madhara yake ni madogo mno, ndo maana inatumika badala ya risasi kwenye lehemu na chubwi za kuvulia. Hata dawa za tumbo zipo zenye bismuthi, ukinywa ulimi unaweza kuwa mweusi kwa vile inaungana na salfa mdomoni, ila inaisha yenyewe.

Ni nzuri sana kwa pambo, nunua ukiipenda, ila bei ya kito usilipe hata kidogo.