Kwa nini hifadhi ya Sanibel isipige tu marufuku magari?

SWALI: Shikamoo anti. Mi niko Fort Myers, Florida. Mwezi wa pili nilipeleka watoto kisiwani Sanibel kuona ndege kwenye hifadhi ya J.N. "Ding" Darling, foleni ilitukuta kabla hata ya daraja, kuingia ndani nako gari la mbele likisimama kupiga picha wote mnasimama. Kwa nini wasipige marufuku magari waweke mabasi, badala ya kukaa vikao na watu wa mji kila siku?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole na hao watoto kwenye jua.

Shida ni kwamba foleni uliyokaa we haikuwa kwenye ardhi ya hifadhi. Daraja ni la kaunti ya Lee, njia za baiskeli kisiwani ni za mji wa Sanibel, hifadhi ni ya serikali kuu na inachojiamulia yenyewe ni kile kibarabara cha Wildlife Drive, maili 4 za kwenda upande mmoja, sasa hilo basi litoke wapi, abiria waache magari yao wapi, bila kaunti na mji kukubali? Ndo maana ya vikao.

Alafu watu wa Sanibel uwajue. Daraja lilipofunguliwa 1963 watu walimiminika, 1974 wakazi wakaunda mji wao wenyewe ili wazuie ujenzi holela, na mpaka leo kisiwa hakina taa za kuongozea magari. Hao huwezi kuwaambia tupanue barabara. Baiskeli ndo wamezikubali, wana zaidi ya maili 25 za njia zake, na ndani ya hifadhi kuna tramu, lile gari refu la kubeba watalii, yenye mwongozaji, familia kadhaa mnapanda pamoja badala ya kila mtu na gari lake.

Kupiga marufuku kabisa mi sikubaliani nako, maana kuna mvuvi na ndoo yake, kuna bibi asiyeweza kutembea. Ila Wildlife Drive hufungwa Ijumaa wanyama wapumzike, kwa hiyo kupunguza magari inawezekana kabisa.

Kinachoniuma ni hela. Sheria ya 2005 ilileta fungu la usafiri wa namna hii kwenye mbuga na ardhi za umma Marekani nzima, 2012 likafutwa, na tangu hapo kila hifadhi inategemea zaidi majirani zake.

Na we ni jirani, usijione mgeni. Wanaovuka kwenda kazini hotelini wanakaa foleni hiyohiyo, basi nendeni kwenye vikao vya wazi vya kaunti mseme mnatokea mtaa gani, saa ngapi, mko wangapi, wapangaji bila hivo hawawezi kujua basi lianzie wapi.

Mkirudi pandeni tramu au baiskeli, na mwangalie maji yakipwa, hapo ndo ndege domomwiko wale wa pinki wanashuka kula kwenye matope ya mikoko.