Flipa Ikilegea, Usikimbilie Kununua Koili

Ndugu yangu unayeanza kazi hii, kuna swali ambalo kila mgeni karakanani huniuliza: flipa ya kushoto ya pinboli, kile kibao kinachopiga gololi mchezaji akibana kitufe, imekosa nguvu, gololi haifiki juu, ninunue koili gani kali zaidi, yaani ule waya uliozungushwa unaoivuta flipa kwa umeme? Nami jibu langu ni lile lile. Usinunue kitu kwanza. Chomoa plagi ukutani, inua ubao wa mchezo, shika tochi, utazame.

Nazungumzia pinboli za zamani, zisizo na kompyuta, zinazohesabu alama kwa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), mota na magurudumu ya namba. Flipa ilizaliwa Chicago mwaka 1947, kampuni ya Gottlieb ilipotoa mashine ya Humpty Dumpty iliyobuniwa na Harry Mabs. Ilikuwa na flipa 6, tatu kila upande. Kabla ya hapo mchezaji alirusha gololi, akaitikisa meza kidogo, basi. Flipa ndiyo iliyompa mamlaka juu ya gololi. Mwaka 1976, Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York kuwaonyesha kwamba pinboli ni mchezo wa ustadi na si kamari, na marufuku ya pinboli iliyodumu humo tangu miaka ya 1940 ikaondolewa. Kwa hiyo ukimrudishia mtu mashine yenye flipa dhaifu, umemnyima mchezo wenyewe.

Sasa shika jambo moja, maana mengine yote yanatoka hapo. Koili ya flipa ni koili mbili katika mwili mmoja. Itazame vizuri: ina vishikio vitatu vya kulehemu. Kuna waya mnene wenye mizunguko michache, huo ndio wa kupiga. Kuna mwembamba wenye mizunguko mingi, huo ni wa kushikilia flipa ikiwa juu. Kwenye nyingi za mashine hizi waya hizo mbili zimefuatana, na kando yake ipo swichi ndogo ya bamba, mimi naiita swichi ya mwisho. Flipa ikiwa chini, swichi hiyo imefungwa na umeme unauruka ule waya mwembamba, hivyo mnene unapata nguvu yote. Flipa ikifika juu, mkono wake unaisukuma swichi inafunguka, na waya mwembamba unaingia njiani kupunguza mkondo. Ndiyo maana mchezaji anaweza kubana kitufe muda mrefu bila koili kuungua.

Umeona jinsi swichi moja inavyoleta magonjwa mawili yaliyo kinyume? Pointi zake, zile ncha mbili zinazogusana kupitisha umeme, zikichafuka au zisipogusana, waya mwembamba unabaki njiani muda wote na flipa inanyanyuka kivivu kama inayoamshwa usingizini. Zisipofunguka kabisa, flipa inapiga vizuri mno, mteja anafurahi, na siku moja anasikia harufu ya kuungua. Karatasi ya koili inageuka kahawia, slivu, ule mrija ulio ndani ya koili, inajikunja, na hapo kweli utanunua koili. Mwanzoni niliwahi kusafisha swichi hii hadi ikang'aa, nikaikaza ibane sawasawa, nikasahau kupima kama inafunguka. Koili haikumaliza jioni hiyo. Tangu hapo sishushi ubao kabla sijainyanyua flipa kwa mkono na kuona kwa macho pointi zinaachana milimita 2 au 3, na zinaachana mwishoni mwa mwendo tu. Zikiachana mapema, umepoteza nguvu.

Upo na ugonjwa wa tatu, huu utaujua kwa sikio. Ukibana kitufe flipa inatetemeka tatatatata kama cherehani. Waya mwembamba umekatika: flipa inapanda, swichi inafunguka, umeme unapotea, inaanguka, swichi inafunga, inapanda tena. Mara nyingi umekatikia pale pale kwenye kishikio, na tone la risasi ya kulehemu linatosha. Hakikisha kwa mita ya kupimia umeme: weka kipande cha karatasi kati ya pointi za swichi ili usidanganywe. Waya mnene utasoma ohmu chache tu, mwembamba makumi ya ohmu.

Kusafisha pointi kuna adabu yake. Za flipa ni ngumu, zinavumilia tupa ndogo bapa, mikwaruzo miwili mitatu, kisha futa vumbi. Zile za madini ya fedha, za swichi za alama na rilei, usizipelekee tupa; kadi ngumu inatosha. Na kabla hujapinda bamba lolote, kaza kwanza skrubu zinazoshika rundo la swichi. Wageni wengi hupinda bamba nusu saa kumbe skrubu ndiyo imelegea. Pinda karibu na shina, kamwe si nchani.

Swichi ikiwa safi na flipa bado nzito, rudi kwenye chuma. Umeme ukiwa umezimwa, inyanyue kwa kidole uiachie: lazima ishuke yenyewe bila kusita. Ikikwama, toa planja, ile fimbo ya chuma inayovutwa ndani ya koili, uitazame kichwa. Kupigwa miaka 50 hukitandaza kama kichwa cha tindo, kikakwaruza slivu. Linki, kiungo cha planja na flipa, ikichakaa nayo inacheza, ukasikia nguvu inapotea kabla flipa haijasogea. Badilisha. Lakini oili usitie humo. Ikichanganyika na vumbi inakuwa gundi nyeusi, na karibu na cheche si salama. Planja inataka slivu safi na kavu.

Flipa zikidhoofika zote mbili kwa pamoja, ondoka kwenye koili. Tafuta mahali zinapokutana: fyuzi na vishikio vyake vyenye kutu, pointi za rilei ya tilti (inayokatisha mchezo meza ikitikiswa mno) au ya mwisho wa mchezo. Ikidhoofika moja, ile nzima ndiyo mwalimu wako. Linganisha kila kitu nayo, hata swichi ya kitufe pembeni mwa sanduku, maana nayo hubeba mkondo mkubwa na huungua pointi. Wengine huhamisha waya kwenye ncha ya volti kubwa ya transfoma. Mimi sikubali. Unauficha uchafu na kuziunguza koili zote. Na kama mashine ya Marekani imekufikia Nairobi au Dar, soma kibao cha transfoma kabla ya kuichomeka. Nyingi zilitengenezwa kwa volti 115 au 120.

Ukimaliza, shusha ubao, anzisha mchezo, ipakate gololi kwenye flipa iliyoinuliwa, uhesabu hadi 60. Zima, chomoa, inua ubao, gusa koili. Ikiwa vuguvugu, mpigie mteja aje. Ikikufanya uondoe mkono, rudi kwenye swichi ya mwisho.