Kabla ya kununua saruji, pima udongo

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, mtu wa kipato cha kawaida hapa Uganda anaweza kujenga nyumba ya udongo ambayo mchana haichomi, usiku haigandishi, nayo ikadumu?" Anaweza. Wanaoshindwa huwa wameshindwa mapema, kabla tofali la kwanza halijatoka mashineni. Wanakodi mashine, wananunua saruji, halafu ndipo wanaanza kuulizana udongo utoke wapi. Udongo ndio wa kwanza, vingine vyote vinaufuata.

Tofali tulilolizoea ni la kuchoma. Udongo wake mara nyingi huchimbwa kinamasini, na tanuru hula magogo usiku na mchana. Likitoka huwa limepindapinda, basi fundi hulinyoosha kwa mota nene, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia matofali, na hapo saruji inakwisha. Tofali la kufungamana, yaani la udongo na saruji kidogo linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono, halihitaji kuni hata moja. Lina meno ya kushikana na mwenzake, kwa hiyo mota inayotumika ni kidogo.

Tuingie shimoni. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kwa kawaida nusu mita hivi, kwa sababu mabaki ya majani huizuia saruji isishike. Chini yake tafuta ule mwekundu wenye changarawe laini, ambao mafundi wanauita maramu. Uchekeche kwenye wavu wa matundu ya milimita 5 au 6. Sasa tengeneza kisanduku cha mbao ambacho ndani kina urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta. Lowesha udongo uwe kama ugali laini, usifike kuwa uji, kisha ujaze ukiushindilia pembeni kwa kijiti ili hewa isibaki. Uanike juani siku 3, au kivulini siku 7. Ukikauka utakuwa umejikunyata. Usukume wote upande mmoja, kisha upime pengo lililobaki upande wa pili.

Pengo hilo ndilo linalokuambia ununue saruji kiasi gani. Likiwa chini ya milimita 15, ndoo 1 ya saruji inatosha ndoo 18 za udongo. Kati ya 15 na 30, weka 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, 1 kwa 12. Likizidi 60, udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, ni mwingi mno: ongeza mchanga, urudie kipimo. Ule mweusi wa tambarare, unaopasuka kiangazi mguu ukazama ndani ya ufa, uache kabisa. Na udongo usiojikunyata hata kidogo, unaomomonyoka ukiuparuza kwa ukucha, hauna mfinyanzi wa kushikilia. Tofali lake litavunjika pembe wakati wa kulinyanyua.

Tuseme nyumba ni ya mita 6 kwa 8, kuta zina kimo cha mita 2.6, na ndani kuna kuta za vyumba zenye jumla ya mita 10. Ukitoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 90 hivi za ukuta. Tofali la milimita 265 kwa 140 kwa 100 huingia kama 38 kwa kila mita ya mraba, yaani matofali 3,400. Kwa 1 kwa 16, mfuko wa kilo 50 hutoa karibu matofali 100, basi ni mifuko 34. Kwa 1 kwa 12 itakuwa 45. Mifuko zaidi ya 10 inaokolewa na kisanduku cha mbao na siku 3 za subira.

Maji nayo yana kipimo chake. Changanya vikavu kwanza mpaka rangi iwe moja, halafu nyunyiza. Usimwage kwa ndoo. Finya donge kiganjani, nyoosha mkono usawa wa bega, uliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likipasuka vipande 4 hadi 6, maji yametosha. Likibaki limebandika kama chapati, yamezidi. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza. Changanya nusu mfuko tu kwa mara moja, kwa kuwa saruji iliyokwisha kuguswa na maji inapaswa iwe imeshindiliwa ndani ya saa moja.

Matofali mengi mazuri huharibika baada ya kufyatuliwa. Yanaachwa juani, saruji inakosa maji kabla haijakomaa, na baada ya mwezi unaikwangua kwa kidole. Yapange kivulini, yafunike kwa nailoni au majani, yamwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7 kamili. Kuyajengea, ngoja siku 14 kwa uchache, 28 ikiwezekana.

Asiyemudu saruji kabisa asikate tamaa. Tofali bichi lililokaushwa kivulini, ukuta ukiwa na unene wa sentimita 30, linafaa kwa nyumba isiyo ya ghorofa. Ila tafadhali, lisipigwe lipu ya saruji! Saruji ni ngumu, udongo hupumua na kutanuka. Lipu inapata nyufa, maji yanaingia, hayana pa kutokea, na ukuta unalainika nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Piga lipu ya chokaa: 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, chokaa iwe imelowekwa wiki mbili, na lipu ilindwe isikauke haraka kwa siku 7. Sisi wa Kasese hatuna udhuru, chokaa inachomwa hapa hapa Muhokya.

Msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi sentimita 40 hivi, na juu yake utandike nailoni nzito ili unyevu usipande ukutani. Kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali, ilazwe kwenye mota, ipimwe kwa pima maji tofali kwa tofali. Kosa la milimita chache hapo halirekebishiki juu, kwa sababu matofali ya kufungamana hayana mota nene ya kuficha kasoro.

Halafu kuna jambo ambalo magharibi mwa nchi hatuwezi kulipuuza. Tunaishi kwenye bonde la ufa; tetemeko la ardhi la Toro la Machi 1966 wazee bado wanalisimulia. Ukuta wa udongo hubeba uzito vizuri lakini haustahimili kuvutwa. Kwa hiyo juu ya milango na madirisha pitisha mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima bila kukatika. Dirisha likae mita moja mbali na kona. Ukuta usizidi mita 4 bila ukuta mwingine kuukata.

Kuhusu jua: tuko kwenye ikweta. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, Desemba liko kusini, hivyo pande zote mbili ndefu zielekee huko na zote zipate upenu wa sentimita 75 au zaidi. Mashariki na magharibi, ambako jua huja likiwa chini, punguza madirisha. Bati bila dari ni jiko. Weka dari, hata ya mikeka ya mafunjo, na acha matundu yenye wavu chini ya paa ili hewa ya moto itoke. Kabale, ambako usiku ni baridi kweli, yaweke vifuniko.

Paa la nyumba ile ya mita 6 kwa 8, ambalo pamoja na upenu ni mita za mraba 70 hivi, mvua ikiwa milimita 1,000 kwa mwaka, linakupa kama lita 56,000 baada ya kutoa upotevu. Watu 5 wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku 75 za kiangazi wanahitaji tangi la lita 7,500, na tangi pia hujengeka kwa tofali la udongo: Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali lililopinda kwa kazi hiyo hiyo. Jerikani 2 au 3 za kwanza za kila mvua ziende bustanini, maana zimeosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Machi na Septemba, kabla mvua hazijachanganya, izunguke nyumba ukiwa na jembe. Ondoa udongo uliorundikana juu ya msingi, zibua mtaro, vunja vijia vya mchwa vinavyopanda kwenye mawe, na panapoonekana ufa kwenye lipu, loanisha na uzibe kwa chokaa siku hiyo hiyo.

Msomaji, Kasese