Barua mbili za Macao, maneno yale yale: ipi ni ya kughushi?

SWALI: Mwalimu, nimenunua mnadani barua mbili za mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa Macao, mji wa pwani ya China uliokuwa chini ya Wareno, zote za Januari 1841, za kwenda London. Maneno ni yale yale, mwandiko ule ule, na hazina stempu. Moja ina 8 kubwa ya wino mweusi. Nyingine imechanwa kwa kisu mahali pawili. Ipi ni feki?

JIBU: Yaelekea zote ni halali, na nakusihi usiziuze mbalimbali. Wafanyabiashara wa enzi hizo hawakuiamini meli moja, sembuse wakati wa Vita vya Afyuni kati ya Uingereza na China. Karani alinakili barua muhimu mara mbili, hata tatu, kila moja ikapanda chombo chake. Tazama upande wa anwani kama pana jina la meli. Halafu linganisha mistari ya mwisho: nakala iliyochelewa kuondoka mara nyingi iliongezewa habari mpya, na hapo ndipo penye utamu.

Stempu isikusumbue. Ile ya kwanza ya Uingereza ilitoka Mei 1840, ya Hong Kong mwaka 1862. Hiyo 8 ni peni nane, ada ya barua iliyoingia Uingereza kwa meli ya binafsi. Wino mweusi maana yake mpokeaji ndiye aliyedaiwa. Basi hiyo ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ya miezi minne hivi, ingawa mwezi Januari kaskazi iliisukuma vizuri kutoka China.

Iliyochanwa nadhani ilipita Misri: stima kutoka Bombay hadi Suez, ngamia hadi Cairo, Mto Nile hadi Alexandria, kisha Bahari ya Kati. Kwa hofu ya tauni, watu wa karantini, hasa Malta, walichana barua ili moshi au siki ipenye ndani. Ukiona muhuri wa wakala Thomas Waghorn, aliyesafirisha barua kwa njia hiyo, shangilia.

Mimi ningeshuku mambo mengine. Barua ya kampuni ya Kiingereza iliyoandikwa "Canton", yaani bandari ya Guangzhou, China, Januari 1841 ingenikunja uso, kwa sababu Waingereza waliondoka huko Mei 1839, baada ya Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China, kuwatoza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni. Wamarekani walibaki, wakiwafanyia biashara kwa faida nono. Macao inakubalika. Muhuri wa posta ya Hong Kong nao haukubaliki: kisiwa kilitwaliwa tarehe 26 mwezi huohuo, na posta ikaanzishwa baadaye mwaka huo. Matapeli hupenda kugonga muhuri bandia kwenye barua halali ili ipande bei.

Usizipige pasi wala kuzisafisha lakiri. Kwenye mkunjo wa nje, karani wa London huenda aliandika siku ya kupokea na ya kujibu. Nitumie picha za sehemu hiyo kwa zote mbili, tujue ipi ilitangulia kufika.