Je, fomu niliyotia saini inaiondolea klabu wajibu?

Swali: Binti yangu wa miaka 13 huchezea timu ya vijana ya mpira wa kikapu. Mwezi uliopita aligongana na mwenzake, akaanguka na kugonga kichwa sakafuni. Kocha alimmwagia maji usoni, akamuuliza kama anaona vizuri, kisha akamrudisha mchezoni. Usiku alitapika mara mbili, na daktari akathibitisha kuwa alipata mtikisiko wa ubongo. Nilipolalamika, mwenyekiti wa klabu alinionyesha fomu niliyotia saini, isemayo kwamba klabu haitawajibika kwa majeraha yoyote. Je, fomu hiyo imenifunga mdomo?
*Mama mwenye wasiwasi*

Jibu: Pole sana, mama. Kwa kutia saini ulikubali hatari za kawaida za mchezo, na kugongana ni mojawapo, kwa hiyo siilaumu klabu kwa anguko lenyewe. Kosa lilitendeka baada ya hapo. Mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa papo hapo na harudi kucheza siku hiyo, hata akisisitiza kuwa ni mzima, kwa kuwa wengi hawazimii, dalili huweza kuchelewa kwa saa kadhaa, na pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuleta madhara makubwa zaidi. Kumuuliza mtoto mwenye hamu ya kucheza kama anaona vizuri si uchunguzi, na maji usoni hayatibu chochote.

Kuhusu fomu, sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi. Nchini Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1977 sheria haimruhusu mwenye biashara kukwepa kwa maandishi dhamana ya kifo au majeraha yaliyosababishwa na uzembe wake. Wakili wa kwenu atakueleza hali ilivyo huko.

Mwandikie mwenyekiti barua, ukiuliza ni nani aliyeamua binti arudi mchezoni, kama kocha amefundishwa huduma ya kwanza, na kama tukio liliandikwa katika daftari la ajali. Usikubali kuambiwa kwamba jambo litamalizwa ndani kwa ndani. Shirikisho la jimnastiki la Marekani lilipata malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya daktari Larry Nassar mwaka 2015, likawaarifu wapelelezi lakini halikukiambia chuo kikuu alikofanya kazi, naye akaendelea kuwatibu wasichana huko hadi mwaka 2016. Kosa lake lilikuwa la aina nyingine kabisa. Ukimya ndio ule ule. Kwa hiyo nakala ya barua ipeleke kwa shirikisho linalosimamia mchezo huo, ukiambatisha cheti cha daktari, na binti asirudi mazoezini hadi daktari huyo amruhusu kwa maandishi.